Kompyuta imegoma kwenye skrini ya BitLocker? Soma hii kabla hujaruhusu mtu aifomati

Unawasha kompyuta unakutana na skrini ya bluu imeandikwa BitLocker recovery (BitLocker ni kufuli la Windows la kufunga diski), inadai namba ndefu ambayo hujawahi kuisikia. Kitu cha kwanza kabisa, usikubali kufomati. Diski haijafa, faili zako zipo zote ila zimefungwa, na fundi atakayekwambia "hii tunapiga Windows mpya tu" bila hata kukuuliza una akaunti gani anakupotezea picha na kazi zako wakati pengine ufunguo, yaani hiyo namba ndefu, unaweza kuupata kwenye simu uliyoshika mkononi.

Najua utasema mi sijawahi kuweka BitLocker. Ni kweli hukuiweka, imejiweka yenyewe. Kompyuta nyingi za siku hizi ukizifungua mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft zinafunga diski kimyakimya, hata za Windows Home, na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 lililotoka 2024 jambo hili limezidi kuwa la kawaida. Ufunguo wa kila siku unalindwa na chipu inaitwa TPM, ambayo inauachia pale tu ikiona kompyuta imewaka vilevile kama siku zote. Kikibadilika kitu, yaani BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) imepata apdeti, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imezimwa, mazabodi imebadilishwa, au flashi imebaki imechomekwa na kompyuta ikajaribu kuwakia humo, basi chipu inakataa ndo unaona hiyo skrini. Na saa nyingine wewe hujagusa chochote, apdeti ya Windows ya Julai 2024 iliwaletea watu wengi hii shida mpaka Microsoft wakatoa marekebisho Agosti, na Mei 2025 ikajirudia kwa baadhi ya kompyuta za Windows 10.

Kwa hiyo anza na kurudisha mambo yalivyokuwa. Zima, chomoa flashi, memori kadi, diski ya nje na kila kilichochomekwa, washa tena. Ikigoma ingia BIOS uangalie kama Secure Boot na TPM zimewashwa (kwenye Intel TPM inaandikwa PTT, kwenye AMD ni fTPM), na kama kuna mtu alibadilisha kitu humo mwambie akirudishe. Ila TPM usiifute, hata kama video fulani imekuelekeza hivyo! Na wenye AMD muwe makini sana hapa: baada ya apdeti ya BIOS inaweza kutokea skrini nyeusi inakuuliza ubonyeze Y au N kuhusu fTPM, kama ufunguo huna bonyeza N, maana Y inafuta kila kitu kilichomo kwenye chipu.

Ikiendelea kudai, sasa tafuta ufunguo wenyewe. Ni tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Kwanza piga picha hiyo skrini, kuna sehemu imeandikwa Recovery key ID, herufi na namba 8 za mwanzo ndo utazihitaji. Alafu kwenye simu fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia na akaunti ya Microsoft, utaona orodha ya funguo, chukua ule ambao ID yake inafanana na ya kwenye picha. Hapa ndo wengi wanakwama, wanakuta funguo tatu wanajaribu wa juu, ukikataa wanakata tamaa, kumbe wa kwao ni ule wa chini.

Orodha ikiwa tupu usisimame hapo. Ufunguo huwa unaenda kwenye akaunti ya yule aliyeingia wa kwanza kama msimamizi (administrator), na huyo anaweza kuwa sio wewe. Anaweza kuwa mume, mtoto, au kijana wa dukani aliyekuandalia kompyuta kwa akaunti yake ili akukabidhi ikiwa tayari, mtafute akuangalizie. Kwenye 24H2 skrini yenyewe inaweza kukuonyesha kidokezo cha akaunti, kisome vizuri. Kama uliwahi kuingiza akaunti ya chuo au ya ofisini basi waulize watu wao wa IT, wanaweza kuwa nao. Tafuta pia kwenye flashi za zamani, kwenye imeili na kwenye mafaili ya karatasi, faili lake linaanza na jina BitLocker Recovery Key.

Kama ufunguo uliandikwa kwa mkono na hauelewi hii ni 1 au 7, kuna njia nzuri sana ya kukagua: kila fungu la tarakimu 6 lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Chukua kikokotoo cha simu ugawanye moja moja, fungu litakaloleta desimali ndo lenye kosa. Na kama namba za kibodi hazikubali kwenye hiyo skrini tumia F1 mpaka F9 kwa 1 mpaka 9, na F10 kwa sifuri.

Mazabodi ikiwa imekufa kabisa ufunguo huu bado unafanya kazi, toa diski uichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, itakuomba ufunguo, ukiuweka unakopi faili zako. Ila kama umetafuta kote hakuna, hapo niwe mkweli kwako, hakuna programu wala fundi wa kuukisia, idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39, anayekwambia lete hela nitaifungua bila ufunguo anakuibia. Kinachobaki ni kufomati na kuanza upya.

Ukishaingia na kila ukiwasha inadai tena, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike

manage-bde -protectors -disable C:

uzime na kuwasha, alafu

manage-bde -protectors -enable C:

hapo chipu inaizoea hali mpya. Amri ya kwanza ndo ya kupiga pia kabla ya apdeti ya BIOS au kabla hujapeleka kompyuta kwa fundi, ila kama itazimwa na kuwashwa mara nyingi ongezea -rebootcount 0 mwishoni, na ikirudi kwako usisahau kupiga ile ya pili.

Na kabla hujafunga hilo dirisha andika manage-bde -protectors -get C: uone ufunguo wako, unakili kwenye karatasi pamoja na ID yake, iweke na vyeti vyako nyumbani, sio kwenye begi la kompyuta.