Kumpa mgonjwa wa methemoglobinemia sindano ya methilini bluu kwa usalama

Mgonjwa ana midomo ya kijivu inayoelekea ubuluu, kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 85, amevishwa barakoa ya oksijeni inayotiririka kwa kasi ya juu, na namba haipandi hata kidogo. Ukimsikiliza kifuani, mapafu ni safi. Anayekutana na hali hii kwa mara ya kwanza huongeza oksijeni, kisha hubadilisha kidole, kisha hubadilisha mashine, na muda unapotea. Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na wafamasia wanaofanya kazi mahali penye vifaa vya kuokoa maisha. Hakuna hatua hata moja ndani yake inayofaa kufanyiwa nyumbani.

Katika methemoglobinemia, madini ya chuma yaliyomo ndani ya himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, yamepoteza elektroni moja na kwa sababu hiyo hayawezi tena kuibeba; himoglobini iliyogeuka hivyo ndiyo huitwa methemoglobini. Kibaya zaidi, himoglobini iliyobaki nzima huing'ang'ania oksijeni yake na kuchelewa kuiachia kwenye viungo vya mwili, ndiyo maana mgonjwa huwa hoi kuliko ambavyo ungetarajia kwa kutazama asilimia peke yake. Mtu mwenye afya huwa na methemoglobini isiyozidi asilimia 1 au 2, kwa kuwa mwili una vimeng'enya vya kuirudisha katika hali yake. Methilini bluu huharakisha kazi hiyo kupitia njia ya pili ya mwili wenyewe, ambayo kwa kawaida hutumika kidogo sana. Nitairudia njia hiyo hapo mbele, kwa sababu hatari kubwa ya dawa hii imejificha humo.

Hatua ya kwanza: hakikisha ugonjwa ndio huo

Kipima oksijeni cha kidoleni hutumia mianzi miwili ya mwanga, na methemoglobini huifyonza yote miwili karibu sawasawa. Hivyo kadiri inavyoongezeka ndivyo namba inavyovutwa kuelekea 85 na kukaa hapo, hata kama hali halisi ni mbaya zaidi. Kipimo cha gesi za damu ya ateri nacho kinaweza kukupotosha, kwa sababu hupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, na hiyo huwa ya kawaida. Kinachotoa jibu la kweli ni ko-oksimita, ambayo hupima methemoglobini yenyewe kwa asilimia.

Wakati sampuli ikiwa njiani, dondosha tone la damu ya mgonjwa kwenye kipande cheupe cha shashi na pembeni yake tone la damu ya mtu mzima wa afya, kisha ngoja dakika chache. La mtu mwenye afya hung'aa na kuwa jekundu likipata hewa. La mgonjwa hubaki na rangi ya chokoleti. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani shashi imechafuka, nikarudia kwa shashi nyingine. Jaribio hili halikupi asilimia, lakini linakupa sababu ya kumwita mfamasia mapema.

Hatua ya pili: ondoa kisababishi

Uliza juu ya dawa za ganzi, hasa benzokeini na prilokeini, juu ya dapsoni na primakwini, juu ya nitriti, na juu ya kemikali za viwandani kama anilini. Kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo, uliza maji yanatoka wapi, kwa kuwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi ni kisababishi kinachojulikana. Simamisha dawa inayohusika. Kama kemikali imemwagika mwilini, vua nguo zote na uoshe ngozi. Oksijeni iendelee.

Hatua ya tatu: amua kama sindano inahitajika

Si kila mwenye methemoglobini anahitaji methilini bluu. Wengi wetu huitumia pale kiwango kinapozidi asilimia 30, au kinapozidi 20 pamoja na dalili kama vile kuumwa kichwa, kuhema kwa kasi, kuchanganyikiwa au maumivu ya kifua. Mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo atibiwe mapema zaidi, kwa sababu hana akiba. Kiwango kikivuka 50 tarajia degedege, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na kupoteza fahamu, na kikivuka 70 mara nyingi mgonjwa hufariki.

Hatua ya nne: maswali mawili kabla ya kufungua kichupa

Swali la kwanza linahusu upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Methilini bluu haifanyi kazi kama ilivyo ndani ya kichupa: lazima kwanza ipokee elektroni kutoka kwenye NADPH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya chembe, na chembe nyekundu za damu hutengeneza NADPH kwa kutegemea G6PD. Mtu aliyepungukiwa na kimeng'enya hicho hapati nafuu yoyote, na dawa iliyobaki bila kugeuzwa huanza kuzivunja chembe zake nyekundu. Kwa mtu mwenye upungufu unaojulikana, dawa hii hairuhusiwi. Kama majibu ya maabara hayawezi kupatikana kwa wakati, muulize mgonjwa au ndugu zake kama aliwahi kukojoa mkojo mweusi au kupata manjano baada ya kumeza primakwini au kula maharage mapana, kama aliwahi kuongezewa damu ghafla bila sababu ya wazi, na kama kuna ndugu wa kiume mwenye tatizo hilo. Kwa wagonjwa wa namna hii hufikiriwa vitamini C ya mshipa, inayofanya kazi polepole, au kubadilishiwa damu.

Swali la pili linahusu dawa anazotumia kila siku. Methilini bluu huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, kwa hiyo ikikutana na fluoksetini, sertralini, venlafaksini, tramadoli, pethidini au linezolidi inaweza kuleta mrundikano wa serotonini unaoweza kuua. Wagonjwa wengi hawataji dawa za sonona wanapoulizwa "unatumia dawa gani?", na nimejifunza kuuliza waziwazi kuhusu dawa za usingizi, za wasiwasi na za huzuni, mgonjwa akiwa peke yake kama hali inaruhusu. Ikiwa maisha yake yanategemea sindano hii, dawa hizo husimamishwa, hutumika dozi ndogo kabisa inayotosha, na mgonjwa huangaliwa kwa hadi saa 4 kwa ajili ya homa, kutetemeka, misuli kukakamaa, fadhaa na jasho jingi.

Muulize pia mwanamke kama ana mimba au ananyonyesha, kwa kuwa dawa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mama anayenyonyesha hushauriwa kusitisha kwa hadi siku 8.

Hatua ya tano: soma lebo, kisha piga hesabu

Hapa ndipo nimeona kosa lililokaribia kuleta madhara. Kuna vichupa vyenye miligramu 5 kwa kila mililita na vingine vyenye miligramu 10 kwa kila mililita, na dawa ikishakuwa ndani ya bomba la sindano vyote viwili vina buluu ileile nzito. Katika zamu moja mwenzangu alikariri "mililita 12" kutokana na mgonjwa wa wiki iliyotangulia, lakini stoo ilikuwa imeleta vile vyenye nguvu maradufu. Tulilikamata kosa kwa sababu tu mtu wa pili alisoma lebo kwa sauti.

Dozi ya kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 60, yaani mililita 12 za kichupa cha 5 mg/ml, au mililita 6 za kile cha 10 mg/ml. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 8, yaani mililita 1.6 au 0.8. Andika miligramu kwanza, mililita baadaye, na mpime mgonjwa kwa mizani kila inapowezekana. Kwa watoto wa chini ya miezi 3 dozi huwa ndogo zaidi na inahitaji ushauri wa bingwa, na mwenye figo dhaifu naye asipewe dozi ya pili kwa mazoea.

Ukitaka kuizimua, tumia mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 5 na uitoe papo hapo. Usitumie dripu ya maji ya chumvi, kwa sababu kloridi hupunguza kuyeyuka kwake. Usiweke kichupa kwenye friji. Na methilini bluu ya maabara au ya matangi ya samaki isiingie mwilini kwa vyovyote, kwani inaweza kuwa na mabaki ya madini yenye sumu.

Hatua ya sita: ingiza polepole

Kanula iwe imara kwenye mshipa mzuri. Sukuma kwanza mililita chache za dekstrosi na uangalie kama panavimba. Dawa ikivuja nje ya mshipa inaweza kuozesha nyama. Itoe kwa dakika 5 hadi 30, isichomwe chini ya ngozi wala kwenye uti wa mgongo. Vaa glavu.

Hatua ya saba: fuatilia bila kuhangaishwa na kipima oksijeni

Heinrich Caro alipoitengeneza mwaka 1876, methilini bluu ilikuwa rangi ya vitambaa, na tabia hiyo haijaiacha. Ikiingia kwenye damu hufyonza mwanga wa kipima oksijeni, na namba huporomoka ghafla huku mgonjwa mwenyewe akianza kupata nafuu. Mwangalie usoni, hesabu pumzi, pima shinikizo la damu, zungumza naye. Nafuu huonekana mara nyingi ndani ya saa moja.

Baada ya saa hiyo pima methemoglobini tena. Kama bado imezidi asilimia 30 au dalili zipo, dozi nyingine ya miligramu 1 kwa kilo inaweza kutolewa. Jumla isizidi miligramu 7 kwa kilo, kwa kuwa dozi kubwa huzalisha methemoglobini ileile unayoitibu. Dozi mbili zikishindwa, acha kuongeza: fikiria G6PD, himoglobini M (himoglobini yenye kasoro ya kurithi), au kisababishi ambacho bado kinaingia mwilini. Aliyekunywa dapsoni nyingi asiruhusiwe mapema, maana dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na methemoglobini hupanda tena.

Mweleze mgonjwa kabla hajaenda chooni kwamba mkojo utakuwa wa kijani au buluu kwa siku kadhaa, ajikinge na jua kali, asiendeshe gari hadi kizunguzungu kiishe, na arudi haraka akiona macho ya manjano au mkojo mweusi, kwani chembe nyekundu zinaweza kuvunjika siku chache baadaye. Kwenye faili andika nguvu ya kichupa, miligramu, mililita na saa. Kisha mpe kikaratasi chenye jina la dawa au kemikali iliyomletea hali hii, akionyeshe kila mahali atakapotibiwa, kwa daktari wa meno pia.