Jinsi ya Kupata Ufadhili wa Ziara ya Mafunzo: Kutoka Andiko Hadi Risiti

Mwanafunzi anaweza kusoma sekondari yote pale Usa River, akauona Mlima Meru kila asubuhi akiwa mstarini, akajibu maswali ya volkano kwenye mtihani, na asiwahi kukanyaga Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyo jirani yake. Kinachomzuia ni gharama ya gari na kiingilio. Jambo hili linaniuma, na mwongozo huu nawaandikia walimu wenzangu wa Arusha na Moshi wanaotaka kuliondoa.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: usimwombe mtu mmoja akulipie ziara nzima. Igawe vipande, kisha kila kipande kipeleke kwa yule ambaye kwake ni chepesi kutoa. Kampuni ya utalii ina gari lililolala, duka la jumla lina katoni za maji, hifadhi ina mtaalamu anayeujua msitu. Barua ya kuomba milioni nzima hukaa mezani muda mrefu. Barua ya kuomba gari moja siku moja hujibiwa.

Hatua ya 1: Anza na mada, mahali patafuata

Fungua muhtasari wa somo, tafuta mada ambayo darasani haieleweki vizuri. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza umahiri na kujifunza kwa vitendo, kwa hiyo una hoja ya kisera tayari. Tumia maneno yake kwenye andiko lako la kuomba ufadhili.

Halafu chagua mahali pa karibu. Kama mada ni volkano, Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina Kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano, na Mlima Meru wenyewe, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Kama ni asidi na besi, maziwa ya Momella yana maji ya magadi: chovya karatasi nyekundu ya litimasi, inageuka bluu mbele ya macho ya mwanafunzi, na hakuna maabara inayompa kumbukumbu kama hiyo. Bajeti ikiwa ndogo sana, Ziwa Duluti pale Tengeru ni ziwa la kreta lenye msitu wa hifadhi pembeni, na shule za Moshi zina Msitu wa Rau karibu na mji. Yote mawili yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ngorongoro na Olduvai, ambako fuvu la Zinjanthropus lilipatikana mwaka 1959, ni pazuri mno kwa Historia, lakini umbali unapandisha gharama. Shule inayoomba kwa mara ya kwanza ianze karibu.

Hatua ya 2: Pata baraka za ofisi mapema

Mkuu wa shule, bodi ya shule, Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu. Omba kibali kwa maandishi na utunze nakala yenye mhuri, maana wafadhili wengi wataiomba. Fomu za ridhaa za wazazi zianze kuzunguka wakati huohuo.

Hatua ya 3: Tengeneza bajeti inayoaminika

Hapa ndipo maandiko mengi hufia, kwa hiyo nakaa kidogo. Kusanya profoma (hati za makadirio ya bei) tatu za gari, si moja. Kisha andika kila mstari ukionyesha idadi mara bei. Tuseme mna wanafunzi 40 na walimu 4. Bei hizi ni za mfano tu, weka za profoma zako:

- Kukodi Coaster 2 × 250,000 = 500,000
- Chakula cha mchana 44 × 3,000 = 132,000
- Maji 44 × 1,000 = 44,000
- Vifaa vya huduma ya kwanza = 20,000
- Karatasi za kazi 40 × 500 = 20,000
- Dharura, asilimia 5 = 35,800

Jumla shilingi 751,800, yaani 18,795 kwa kila mwanafunzi, kabla ya kiingilio. Takwimu ya kwa mwanafunzi mmoja iandike wazi, kwa sababu mfadhili anayeshindwa kubeba 40 anaweza kubeba 10.

Kiingilio kina mambo yake. Hifadhi za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, hutoza watoto wa miaka 5 hadi 15 bei ya chini. Kuanzia miaka 16 mtu huhesabiwa mtu mzima, na wanafunzi wengi wa Kidato cha Tatu wako hapo. Mwandikie Mkuu wa Hifadhi mapema, ambatanisha orodha ya majina na umri yenye mhuri wa shule, na uulize utaratibu wa makundi ya wanafunzi. Usisahau kwamba gari nalo hulipiwa kuingia hifadhini, kulingana na uzito wake, na dereva pia ni mtu wa kuhesabiwa. Malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba (control number), hivyo hakikisha fedha imeingia kabla ya siku ya safari.

Hatua ya 4: Andika andiko fupi

Kurasa mbili zinatosha. Sentensi hii haimshawishi mtu: "Ziara itawawezesha wanafunzi kujifunza mazingira." Iandike hivi:

"Wanafunzi 40 wa Kidato cha Tatu watapima maji ya maziwa mawili ya Momella kwa karatasi ya litimasi, kwa ruhusa na usimamizi wa askari wa hifadhi. Watachora umbo la Kreta ya Ngurdoto wakiwa ukingoni, na ndani ya wiki mbili watawasilisha matokeo yao mbele ya Kidato cha Kwanza na cha Pili."

Msomaji anaona nani, nini, wapi na lini. Anaona pia kwamba unapajua: Ngurdoto watu hutazama kutoka ukingoni, hawashuki chini. Ongeza aya moja kuhusu hali ya shule kwa ukweli na kwa heshima. Wanafunzi wetu si watu wa kuonewa huruma, ni watu wanaodai somo lao.

Hatua ya 5: Gonga milango, ukianza na ya karibu

Kampuni za utalii za Arusha na Moshi ziombe gari, si fedha. Msimu wao wa wageni wengi ni Juni hadi Oktoba, na kwa safari ya miezi hiyo hata barua nzuri haitasaidia. Aprili na Mei magari yamepumzika, lakini masika si wakati wa kuwapeleka watoto kwenye barabara za matope na makorongo yanayojaa ghafla. Mimi hupendelea Novemba, wageni wamepungua na mvua za vuli kwa kawaida ni nyepesi kuliko masika. Peleka barua Julai au Agosti, kwa mkono, na umwombe karani agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Maneja wa tawi la benki mnakoweka fedha za shule, vilabu vya Rotary vya Arusha na Moshi, na wahitimu wa shule yenu wenye kazi zao: hawa waombe chakula, maji, au gharama ya wanafunzi kadhaa. Makao makuu ya TANAPA yako Arusha, na kitengo chake cha ujirani mwema hufanya kazi na vijiji na shule zinazopakana na hifadhi. Shule yenye klabu hai ya mazingira, kama Malihai au Roots & Shoots, mtandao alioanzisha Jane Goodall hapa Tanzania mwaka 1991, husikilizwa haraka zaidi, kwa sababu ziara inakuwa sehemu ya kazi inayoendelea.

Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), inayosimamiwa na UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, hutoa fedha kwa asasi za kiraia na vikundi vya jamii. Kwa ziara ya siku moja peke yake usipoteze muda huko. Lakini kama mnashirikiana na kikundi kilichosajiliwa chenye mradi wa kitalu cha miti au vyanzo vya maji, ziara inaweza kuingizwa kama shughuli mojawapo.

Na wazazi? Mchango wao uwe wa hiari, upitie kwenye bodi na kufuata taratibu za Serikali. Mtoto ambaye nyumbani hawana kitu apande gari kama wenzake, na asijulikane kwa wenzake kwamba hakutoa.

Hatua ya 6: Usalama wa gari haujadiliwi

Hata gari la kupewa bure likaguliwe na trafiki kabla ya siku ya safari. Angalia leseni ya dereva, bima, mikanda na idadi ya viti. Ondokeni kumekucha, rudini kabla ya giza. Wakazi wa Arusha hatujasahau Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia korongoni Karatu na kuchukua maisha ya wanafunzi zaidi ya 30 pamoja na walimu wao. Ukiona tairi limeisha, ahirisha. Mfadhili ataelewa, na asipoelewa, ahirisha vilevile.

Hatua ya 7: Fedha na ripoti

Fedha zote ziingie akaunti ya shule, kamwe zisipitie simu ya mwalimu. Dai risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila ununuzi unaowezekana. Mama lishe asiye na mashine asaini hati ya malipo yenye jina na kiasi.

Ripoti itoke ndani ya wiki mbili: ukurasa mmoja wa masimulizi, mmoja wa matumizi ukilinganisha na bajeti, picha mlizoruhusiwa na wazazi kuzitumia, na kazi mbili tatu za wanafunzi kama walivyoziandika. Fedha ikibaki, hata elfu kumi, iseme na uulize irudishwe au itumike wapi. Aliyetoa maji apate ripoti ileile anayopata aliyetoa gari.

Nakala moja ya faili ibaki ofisi ya taaluma. Walimu huhamishwa, na atakayeshika klabu mwakani atahitaji profoma, kibali cha zamani, orodha ya waliotoa na ya waliokataa pamoja na sababu walizotoa.