SOMO: Kumega jiwe likate, kama walivyofanya watu wa kale bondeni Oldupai

Wakuu, kila nikionyesha kibanzi changu (kipande chembamba chenye makali, kilichomegwa kwenye jiwe) naulizwa nimetumia grainda gani. Hakuna grainda. Naandika mara moja.

1. Jiwe la kugongea: la mtoni, duara, la kuenea kiganjani.

2. Jiwe la kumegwa. Oldupai, miaka milioni 1.8 iliyopita, walitumia basalti (jiwe jeusi la volkano) na kwatzaiti (jiwe gumu la chembe zilizoshikamana). Kwatzaiti nyingi ilitoka kilima cha Naibor Soit. Ligonge usikilize: likilia kama chungu kizima, chukua. Likisema "pu", lina ufa.

3. Miwani, glavu, suruali nzito. Kaa nje, vumbi la mawe linaua mapafu.

4. Pembe. Hapa ndipo nilipoharibu. Siku nne nilipiga ukingo uliosimama wima kama ubavu wa tofali, nikidhani jiwe linataka nguvu. Kiganja kikafa ganzi, mwishowe jiwe la kugongea likapasuka na kipande kikanichana paja (nilivaa kaptura, chekeni tu). Tafuta ukingo ambao chini yake jiwe limerudi ndani, pembe isifike nyuzi 90. Gonga juu, sentimita moja hivi kutoka ukingoni, mkono upitilize. Ukigonga mdomoni kabisa unapata unga. Katikati, unapata maumivu. VIDOLE VISIKAE CHINI YA SEHEMU INAYOMEGEKA.

5. Okota kibanzi. Ndicho kisu chenyewe.

MASWALI

Chuma_Chakavu: Mkuu, nitumie jiwe gani?
— Namba 2.

Chuma_Chakavu: Nyundo ya fundi haifai?
— Umesoma kweli? Namba 1.

Mama_Shamba: Kaka, shuleni tuliambiwa kifaa ni lile jiwe kubwa, vipande ni takataka.
— Swali zuri, dada. Majaribio ya kina Nicholas Toth, mwanaakiolojia, yalionyesha kwamba mara nyingi kilichotafutwa ni kibanzi. Jiwe kubwa ni kilichobaki, ingawa nalo lafaa kupasulia mifupa upate uboho. Mifupa ya Oldupai ina alama za kukatwa. Nami nimejaribu kwa mguu wa mbuzi: kibanzi cha ukubwa wa kidole gumba kilipita ngozi bila kusitasita. Mafuta yakiziba makali, namega kingine.

Mama_Shamba: Na yale mawe ya kale ya Isimila, kule Iringa?
— Yale mashoka ya mkono ni ufundi wa baadaye. Unageuza jiwe kila baada ya pigo, kovu la kibanzi cha kwanza linakuwa mahali pa kugongea cha pili. Ndiyo maana yamechongwa pande zote mbili. Mimi bado yananivunjikia katikati.

Dogo_Iringa: Nililiokota moja hukohuko, nalinoaje?
— Unalirudisha. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Na likishatoka pale lilipolala, hata mtaalamu halimwambii mengi.

Mama_Shamba: Mabaki yako unatupa wapi? Kuku wangu watajikata.
— Nayafukia shimoni pamoja na sarafu ya shilingi 200, mchimbaji wa kesho asije akatangaza amegundua Oldupai nyingine nyuma ya choo changu.