SOMO: Kurudisha puli ya krenki nyumbani bila vifaa vya gereji

Wakuu, swali la namna ya kurudisha puli ya krenki nyumbani nimelijibu kwenye meseji za pembeni hadi nimechoka. Naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano wangu ni Toyota IST, injini 1NZ-FE, gia otomatiki, uani kwetu Tabata, Dar es Salaam. Somo ni la kurudisha tu. Kufungua kuna mambo yake.

Puli ninayosema ni ile kubwa ya chini, kwenye ncha ya krenki (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni), inayozungusha mkanda wa alteneta, pampu ya maji na AC. Si kipande kimoja cha chuma. Kuna kitovu, kuna pete ya nje, na katikati kuna mpira unaovishikanisha.

1. Toa waya hasi wa betri. Gari likae kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake.

2. Kagua mpira pande zote mbili. Ukiona nyufa, au pete ya nje imekaa upande, usiirudishe hiyo puli.

3. Futa ncha ya krenki na tundu la puli. Kutu ya hewa ya bahari iondoe kwa msasa laini. Paka oili kidogo kwenye mdomo wa sili (pete inayobana shingo ya puli ili oili ya injini isivuje).

4. Hakikisha kii (kipande kidogo cha chuma kinachofunga puli na krenki vizunguke pamoja) imelala sawasawa kwenye mfereji wake, kisha lenga mfereji wa puli hapo hapo. Isukume kwa mikono.

5. Kuivuta hadi ndani. Hapa ndipo nilipoharibu. Puli iliingia nusu ikagoma. Nikachukua boliti yake ya asili, ikashika meno machache tu, nikavisha bomba kwenye mpini na kukaza. Puli ilisogea, halafu ghafla mkono ukawa mwepesi. Meno ya ndani ya krenki yalikuwa yameng'oka. Gari lililala uani wiki mbili, hadi fundi wa kuchonga alipokuja na tepu (chombo cha kuchongea meno ya ndani) kuyafufua yale yaliyosalia ndani zaidi. Kwa hiyo fanya hivi: beba boliti ya asili hadi maduka ya boliti mtaa wa Gerezani, wakulinganishie nyingine yenye meno yale yale lakini ndefu zaidi, na meno yake yawe urefu wote. Zungushia nati hadi karibu na kichwa, fuatisha washa mbili nene, grisi ikiwa kati ya washa hizo, pitisha kwenye puli, kisha izamishe kwenye krenki kwa vidole angalau mizunguko 10. Ikigoma kwa vidole, toa, safisha meno, anza upya. Sasa shika kichwa cha boliti kwa spana moja, zungusha nati kwa nyingine. Boliti imetulia, nati ndiyo inayosukuma puli. Kila baada ya mizunguko michache simama, angalia kama puli inaingia bila kupinda na kii haijasogea. Ikiwa nzito sana, itoe, ichemshe kwenye sufuria ya maji dakika 10, ishike kwa glavu nene, ikaushe, irudishe ingali ya moto. Usitumie moto wa gesi, utaua mpira. Na NYUNDO HAPANA. Pigo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi zinazozuia krenki kucheza mbele na nyuma.

6. Zuia krenki isizunguke. Gia ya mkono: weka gia ya tano, mwenzako akanyage breki. Otomatiki: toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki taratibu upande wa kukaza hadi hewa ikisukume kidole. Hapo valvu zote za silinda hiyo zimefunga. Kabla pistoni haijafika juu, ingiza kamba laini isiyochanika, mkia ubaki nje, endelea kuzungusha hadi ikwame. Usiruke habari ya hewa, kamba ikikutana na valvu iliyo wazi utaipinda.

7. Rudisha boliti ya asili, kaza hadi Nm 128 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Huna spana ya kupimia? Tumia mzani wa ndoana kama wa wauza samaki wa soko la Feri. Pima sentimita 50 kwenye mpini wa spana kutoka katikati ya soketi, tundika ndoana hapo, vuta kwa pembe mraba hadi mzani usome kilo 26.

8. Rudisha krenki nyuma kidogo, toa kamba, rudisha plagi, mkanda na betri.

MASWALI

Chuma wa Tegeta: Mkuu, nikiweka kipande cha mbao halafu nikagonga taratibu kuna shida?

Jibu: Ndiyo. Rudia namba 5.

Chuma wa Tegeta: Ila mafundi wengi wanagonga na magari yanatembea.

Jibu: Yanatembea, na krenki inaanza kucheza baadaye wakati fundi hayupo. Gari ni lako.

Binti Kigamboni: Kaka, asante kwa somo. Kwa nini wasitengeneze puli ya chuma kitupu? Mpira wa nini?

Jibu: Dada, hilo ndilo swali nililolingoja. Kila silinda inapolipuka inaisokota krenki kidogo, nayo inajirudisha kama springi. Injini ya silinda nne hulipuka mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo hata ikisimama kwenye mizunguko 700 kwa dakika, ni mapigo 23 hivi kila sekunde. Pete ya nje ni nzito, inataka kuzunguka kwa mwendo mmoja. Mpira unanyumbuka kati yake na kitovu, na mtikisiko unaishia humo kama joto. Mpira ukifa, mtikisiko unabaki kwenye krenki, na kwa muda mrefu unaweza kuipasua.

Binti Kigamboni: Nitajuaje umeanza kuachia kabla haujachanika?

Jibu: Chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kitovuni, upite kwenye mpira, hadi pete ya nje. Tembea wiki moja. Mstari ukikatika, pete imeteleza. Na alama ya taimingi (ya kupangia muda wa silinda kulipuka) kama iko kwenye pete hiyo, usiiamini tena.

Dullah: Mimi nina Toyota Noah, nikaze ngapi?

Jibu: Noah ipi? Injini gani?

Dullah: Noah ya kawaida tu mkuu.

Jibu: Fungua boneti, soma. Siwezi kukukisia kipimo cha boliti.

Dullah: 3S-FE.

Jibu: Sawa. Nm 108. Kwa sentimita 50 ni kilo 22. Wenye 1ZZ-FE ni Nm 138, yaani kilo 28.

Mzee wa Ukonga: Kijana, mizani hii ya mkononi inadanganya. Wangu niliupima kwa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ukasoma 24.

Jibu: Shikamoo mzee. Umenisaidia. Maji lita 20 ni kilo 20, ongeza uzito wa ndoo tupu. Wakuu, pimeni mzani kwanza hivyo.

Mzee wa Ukonga: Marahaba. Na kama sili mpya bado inavuja?

Jibu: Pitisha ukucha kwenye shingo ya puli. Ukikwama kwenye mfereji, sili ya zamani imeila. Mimi niliingiza sili mpya ndani zaidi kwa milimita moja hivi, mdomo wake ukakaa sehemu isiyolika. Mfereji ukiwa mpana, tafuta puli nyingine.