Nairobi hadi New York: namna ya kupiga hesabu ya umbali na saa za kukaa angani

Nauza tiketi, na swali linalofuata baada ya bei huwa ni hili: tutakaa angani saa ngapi? Mteja anatazama karatasi, anaona kuondoka 23:25 na kufika 06:25, anatoa jibu mwenyewe: saa saba. Angekuwa anakwenda Uingereza ningemwelewa kidogo.

Hatua ya 1: Tafuta umbali. Achana na rula na ramani ya ukutani. Mstari wake utakupitisha Kongo, Nigeria hadi Mauritania. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York, uukaze. Utaona unalala juu ya Sudan Kusini, kona ya Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko, kisha ndiyo unaingia Atlantiki. Njia hiyo ndiyo fupi. Kwa kilomita, fungua tovuti ya Great Circle Mapper, andika NBO-JFK, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy. Tumia alama za viwanja, si majina ya miji, maana Nairobi ina uwanja wa Wilson pia. Utapata kama kilomita 11,840.

Hatua ya 2: Gawa kwa mwendo. Boeing 787 ikishatulia juu hukimbia kama kilomita 900 kwa saa. Hiyo ni saa 13 na dakika 9. Lakini upepo wa juu kule Atlantiki ya kaskazini huvuma kuelekea mashariki, kwa hiyo wakati wa kwenda unakukabili usoni. Punguza mwendo hadi 850: saa 13 na dakika 56. Ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Ratiba huandikwa kama saa 15, kwa sababu shirika hujiwekea akiba, na njia haibaki ile ya uzi. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, ndege nyingi zililazimika kuizunguka.

Hatua ya 3: Oanisha saa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, tena kwa mtindo wa saa 24. 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku, Nairobi. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, New York. Majira ya baridi New York iko nyuma kwa saa 8. Basi 23:25 ya Nairobi kule ni 15:25, alasiri. Hesabu kutoka hapo hadi 06:25 ya kesho yake: saa 15 kamili.

Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele. Tofauti inakuwa 7.

Hatua ya 4: Geuza kwa safari ya kurudi. Majira ya baridi, ukiondoka New York 12:25 na kufika Nairobi 10:55 kesho yake, ni saa 22 na nusu. Toa 8, zinabaki 14 na nusu. Upepo sasa unakusukuma.

Na anayekuja kukupokea mpe tarehe ya kufika, si ya kuondoka.