Dawa ya kuzima jeni haijafika bwawani

Mfugaji mmoja wa Mufindi aliniletea chupa isiyo na lebo. Kauziwa mnadani: "dawa ya virusi vya samaki, inazima jeni, unamwaga tu." Nikamwambia, ndugu yangu, rudisha kama muuzaji bado yupo.

Kuzima jeni kwenyewe si porojo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia minyoo, kwamba RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni ndani ya seli) ikiwa ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni inayolingana nayo. Mwaka 2006 wakapata Tuzo ya Nobel. Kwa samaki hesabu ni hii: kirusi hana jiko lake. Akiingia kwenye seli ya sato anatoa oda, seli inampikia. Oda hiyo ni RNA. Ukiingiza kipande kifupi cha RNA ya nyuzi mbili, chenye herufi 21 hivi, kinacholingana nayo, seli yenyewe inaichana oda kabla haijapikwa. Maabara imekubali, kwenye seli za samaki na hata kwa kambamiti waliochomwa sindano.

Bwawani ndiko inakogoma. RNA tupu ikimwagwa majini huvunjika upesi, ikiliwa tumbo huimeng'enya, na sato 2,000 utawachoma sindano lini? Kwa hiyo chupa ile ni maji ya bei mbaya. Antibiotiki nazo hazigusi virusi.

Kirusi cha kukihofia ni TiLV (Tilapia Lake Virus, kirusi kinachoua sato), kilichoelezwa mwaka 2014 kutokana na vifo vya sato huko Israel. Mwaka 2018 watafiti waliripoti vinasaba vyake kwa sato wa Ziwa Victoria ambao hawakuonyesha ugonjwa wowote. Yaani kifaranga mchangamfu anaweza kukuletea balaa.

Basi angalia mfuko wa vifaranga. Ukifika nao, uelee bwawani dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kisha chota vifaranga kwa wavu wa mkono, na maji ya mfuko kamwage shambani, mbali na mfereji. Wengi humimina vyote pamoja, nami nilifanya hivyo miaka mingi bila kufikiri. Vifaranga wapya wakae peke yao wiki mbili tatu, kwenye kibwawa ambacho maji yake hayaendi kwa wengine. Mabondeni kwetu, kwenye vinyungu (bustani za bondeni), hilo ni gumu: maji yakitoka kwako yanaingia kwa jirani, kwa hiyo kaeni mkubaliane. Kokoro la kuazima lioshwe na likauke kabisa juani.

Ukiona sato weusi, macho yamevimba au yana ukungu, ngozi imechubuka na hawali, usiuze wala kuhamisha samaki. Mwite afisa uvuvi wa halmashauri. Sampuli ya kupeleka maabara ni samaki anayeanza kulegea, si aliyekwisha kuelea, akiwa kwenye barafu, siku hiyohiyo.