Kabla hujafungua chumba chako cha tiba ya sanaa

Usajili kwanza. Tiba ya sanaa ni ushauri wa kisaikolojia unaofanywa kwa kuchora na kufinyanga. Hapa Kenya, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayetoa huduma hizo asajiliwe, na kujua kuchora hakukuondolei sharti hilo. Kama una shahada ya sanaa pekee, endesha warsha za kuchora na uziite warsha. Usimtoneshe mtu kidonda usichoweza kukifunga.

Leseni ya biashara ya kaunti, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), bima ya taaluma: shughulikia zote. Msimamizi wa kitaaluma, yaani mtaalamu mzoefu wa kupitia nawe kazi yako, mtafute kabla ya mteja wa kwanza, na umlipe.

Ukienda kutazama chumba, wengine wanatazama kodi ya pango na mandhari. Wewe anza na sinki. Maji yenye udongo wa mfinyanzi hayamwagwi kwenye sinki kabisa. Weka ndoo, udongo utuame, umwage maji ya juu tu, la sivyo bomba litaziba na mwenye nyumba atakutoa. Madirisha yafunguke. Kisha kaa ndani, mlango umefungwa, mtu azungumze nje kwa sauti ya kawaida. Ukimsikia, jua naye atamsikia mteja wako akilia. Na uliza swali ambalo wengi hulisahau: mchoro wenye rangi mbichi utakaukia wapi? Ukiuacha mezani, mteja wa saa nne atauona wa saa tatu. Tafuta rafu yenye pazia au chumba cha nyuma, na uache nafasi ya kusafisha kati ya kikao na kikao.

Vifaa usinunue duka zima. Penseli, krayoni, rangi za maji, karatasi za ukubwa mbalimbali, magazeti ya zamani ya kukata, gundi, udongo. Penseli humwezesha mtu kujizuia. Rangi ya majimaji na udongo hulegeza, na aliyetoka kwenye msiba au kubakwa anaweza kulegea kuliko alivyokuwa tayari. Mteja mpya usimkaribishe kwa beseni la udongo.

Pesa za kazi zipite kwenye namba ya till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara, si kwenye namba ya simu yako. Lakini chagua jina la biashara kwa akili, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa unamwonyesha jina hilo kila anayeishika simu ya mteja. Mke anayekuja kwako bila mumewe kujua hahitaji ujumbe wenye maneno "tiba ya akili". Ada ya kikao kilichokosekana itaje siku ya kwanza, kwa maandishi.

Sasa jambo ambalo ukilipuuza litakuvunja: michoro ni ya nani na inakaa wapi. Mshauri wa mazungumzo, kikao kikiisha, maneno yamepita. Kwetu kitu kinabaki mezani, na kila akionaye anajiona ana ruhusa ya kukitazama.

Mwenzangu mmoja alipata mkataba na shule ya msingi. Mkataba ulitaja saa na malipo, basi. Shule ikampa chumba na kabati, ufunguo wa pili ukabaki ofisini. Miongoni mwa watoto alikuwapo msichana asiyesema sana, ambaye wiki baada ya wiki alichora nyumba ileile: madirisha yamepakwa meusi, mlango uko juu karibu na paa, pasipofikika. Siku ya wazazi ikakaribia, ukumbi ulikuwa mtupu, na mwalimu mmoja akafungua kabati akachukua michoro iliyompendeza. Hakuwa na nia mbaya. Aliona kazi nzuri za wanafunzi. Akaibandika ukutani, kila mmoja na jina la mtoto chini yake. Mwenzangu alipofika mchana, alimkuta mjomba wa yule msichana, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, amesimama mbele ya mchoro akiuliza kwa sauti hii ni nyumba gani. Msichana alihojiwa nyumbani jioni ileile. Hakurudi kwenye kikao. Mama yake alituma ujumbe kwamba mtoto amechoka kuchora, na muhula uliofuata akahamishwa shule. Mwenzangu alipolalamika, mkuu wa shule alimwuliza: ni wapi mkataba unasema michoro si mali ya shule? Hapakuwa na pa kuonyesha. Mpaka leo hatujui yule mtoto alikuwa anajaribu kusema nini.

Kwa hiyo andika, na mwajiri atie saini kabla hujafungua pakiti ya krayoni. Mchoro ni wa aliyeuchora. Unautunza wewe, kwenye kabati lenye ufunguo mmoja ulio mkononi mwako. Haubandikwi, haupigwi picha, hauonyeshwi mwalimu wala mzazi bila ridhaa uliyoipata kwa maandishi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Taja utautunza muda gani tiba ikiisha, na utafanya nini mahakama ikiuitisha. Shule ikikataa kusaini, acha kazi hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na picha ya mchoro kwenye simu yako imo. Simu nyingi hupandisha picha zenyewe mtandaoni, kisha zinatokea kwenye tableti anayochezea mwanao. Ukilazimika kupiga picha, tumia kifaa cha kazi pekee.

Mzazi atakuomba umsomee mchoro. Kataa. Nyumba nyeusi inaweza kuwa ni krayoni nyingine zilizokwisha. Mwenye mchoro ndiye wa kuulizwa. Siri nayo ina mpaka, umweleze mteja siku ya kwanza: maisha yakiwa hatarini utazungumza. Bandika karibu na meza namba 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, na uwe na daktari wa akili unayeweza kumpigia usiku. Watoto wa marafiki zako wapeleke kwa mwenzako. Ndugu wawili usiwapokee bila kufikiri. Kazi ya mshahara usiiache mapema. Na mchague mtaalamu mmoja, umwandikie barua, atakayefungua lile kabati ukiugua ghafla au ukifariki, ili michoro isiangukie mikononi mwa jamaa zako wanaogawana vitu.